Jedwali moja, skima nyingi au hifadhidata kadhaa: utatenganishaje data za wateja wako?

Mwaka wangu wa kwanza wa kuuza mfumo wa kompyuta wa vyama vya akiba na mikopo, mweka hazina wa chama kimoja cha mtaa wa Umoja, Nairobi, alinipigia simu saa mbili usiku. Alikuwa amechapisha ripoti ya mwezi ya kusomwa kwenye mkutano wa Jumapili. "Kijana wangu," akaniambia, "huyu mama wa mstari wa mwisho ni nani? Amepigwa faini ya mia mbili, na kwetu hatuna mtu wa jina hilo."

Mama huyo alikuwa mwanachama wa chama kingine kabisa, cha upande wa Kawangware. Wakati huo nilikuwa na wateja wawili tu, data zao zikikaa kwenye majedwali yale yale, kila mstari ukiwa na namba ya chama chake. Kwenye sehemu ya faini nilisahau kuchuja kwa namba hiyo. Hesabu ilikuwa ndogo, lakini mtu alikuwa amesomwa na watu wasiomhusu, na kosa lilikuwa langu.

Ukijenga mfumo mmoja wa kutumiwa na sacco kumi, shule ishirini au zahanati tano, njia panda hii utaifikia. Njia ni tatu, na zote tatu nimezipita. Nitatumia PostgreSQL, programu ya kuendesha hifadhidata, kama mfano kwa sababu ndiyo ninayofanyia kazi, na kwa sababu ndani yake neno skima lina maana iliyo wazi.

Njia zenyewe

Mtu aliyewahi kupanga nyumba Eastlands ataelewa haraka.

Ya kwanza ni ukumbi mmoja mkubwa wenye vitanda vilivyoandikwa majina. Majedwali ni seti moja, na kila mstari una safuwima ya kuonyesha ni wa nani, tuseme `mteja_id`. Kila swali la SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata, lazima litaje mteja.

Ya pili ni ploti: geti moja, tangi moja la maji, lakini kila mpangaji ana chumba chake na kufuli lake. Hizo ndizo skima. Hifadhidata ni moja, na ndani yake kila mteja ana skima iliyobeba majedwali yake. Jedwali la `wanachama` linaweza kuwepo mara hamsini bila kugongana, kwa sababu moja linaitwa `chama_a.wanachama` na jingine `chama_b.wanachama`.

Ya tatu ni kila mtu na kiwanja chake: hifadhidata tofauti kwa kila mteja, kwenye seva moja au seva tofauti.

Neno moja kabla ya kuendelea, maana limewapotosha wengi. Kwenye MySQL, skima na hifadhidata ni kitu kimoja chenye majina mawili. Ukiandika `CREATE SCHEMA` umeunda hifadhidata. Huko njia ya pili na ya tatu ni moja. Kwenye Oracle, skima imefungamana na mtumiaji anayeimiliki. Kwa hiyo mtu akikushauri "tumia skima", muulize kwanza anazungumzia hifadhidata ipi.

Vigezo vya kupimia

Mimi hupima kwa mambo matano. Nikikosea mstari mmoja wa msimbo, nani ataona data za nani? Mteja mmoja akifuta data zake kimakosa, nitamrudishia vipi bila kuwagusa wengine? Nikitaka kuongeza safuwima, kazi ni kubwa kiasi gani? Ripoti inayowakusanya wateja wote inapatikanaje? Na la mwisho, wateja wakiongezeka, nini kitaanza kulegea?

Kasi sijaiweka kama kigezo. Kwa ukubwa wa mifumo ambayo wengi wetu hapa Nairobi tunaiendesha, swali lenye faharasa nzuri (orodha inayoisaidia hifadhidata kupata mstari upesi) hujibiwa haraka kwa njia zote tatu.

Ukikosea mstari mmoja

Kwenye jedwali la pamoja kinga yako ni kumbukumbu yako, isipokuwa umeiomba hifadhidata ikusaidie. Tangu toleo la 9.5, lililotoka Januari 2016, PostgreSQL ina kinga ya kiwango cha mstari: unaandika sera mara moja kwenye jedwali, na kila swali linachujwa hata kama mwandishi amesahau. Ningekuwa nayo usiku ule, simu ya Umoja isingepigwa. Ila ina mtego. Sera hizo hazimhusu mwenye jedwali, wala mtumiaji mkuu. Programu yako ikiingia kwa akaunti ile ile iliyounda majedwali, sera ipo na haifanyi kazi, na hakuna ujumbe wowote wa kukuonya. Tengeneza mtumiaji mwingine kwa ajili ya programu, au andika `FORCE ROW LEVEL SECURITY` kwenye kila jedwali, ambayo humbana mwenye jedwali lakini si mtumiaji mkuu.

Kuna ufa mwingine ambao wengi hawauoni. Ukiweka kiungo kutoka jedwali la `mikopo` kwenda `wanachama` kwa namba ya mwanachama pekee, hakuna kinachozuia mkopo wa chama kimoja uelekezwe kwa mwanachama wa chama kingine. Kiungo kinatakiwa kibebe vyote viwili, `mteja_id` na namba ya mwanachama. Vivyo hivyo kwa kanuni ya kuzuia namba isirudiwe: mwanachama namba 001 yupo katika kila chama, na lazima aruhusiwe awepo.

Kwenye skima, kosa la kusahau kuchuja haliwezekani kwa sababu hakuna cha kuchuja. Kila jedwali lina data za mteja mmoja. Kosa linalobaki ni la kuingia chumba kisicho chako. PostgreSQL huamua chumba kwa kutazama `search_path`, orodha ya skima za kupekua kwa zamu unapotaja jedwali bila jina la skima. Programu inaiweka mwanzoni mwa kila ombi, skima ya mteja kwanza, kisha skima ya data za wote:

`SET search_path TO chama_a, pamoja;`

Hapo kaa macho ikiwa unatumia PgBouncer, programu inayogawia maombi mengi miunganisho michache, kwa mtindo wa kugawa kwa muamala (kundi la amri zinazokubaliwa au kufutwa zote pamoja). Muunganisho mmoja hupokezanwa na maombi ya wateja tofauti, na mpangilio ulioachwa na wa kwanza unaweza kumkuta wa pili. Andika `SET LOCAL` ndani ya muamala, nao utajifuta muamala ukiisha. Ukitaka kufuli la kweli, mpe kila mteja mtumiaji wake wa hifadhidata mwenye ruhusa ya `USAGE` kwenye skima yake tu. Skima mpya haimfungulii mtu mlango. Wewe ndiye unayegawa funguo. Inayotofautiana ni skima ya `public`. Kabla ya toleo la 15, la mwaka 2022, kila mtumiaji aliweza kuunda vitu ndani yake, na hifadhidata iliyopandishwa kutoka matoleo ya zamani huja na ruhusa zake za zamani.

Kwenye hifadhidata tofauti ukuta ni mnene kuliko zote. Muunganisho mmoja hauwezi kusoma hifadhidata nyingine kabisa, labda uweke kiunganishi cha makusudi. Hata hivyo watumiaji wa PostgreSQL ni wa seva nzima, na kwa kawaida kila mmoja wao anaruhusiwa kuunganika na kila hifadhidata mpya. Ondoa ruhusa hiyo ya `CONNECT` siku unapoiunda.

Sheria nayo iko upande wa mwenye data. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, data za watu zikifikiwa na asiyeruhusiwa na kukawa na hatari halisi ya kuwadhuru, mwenye kuzidhibiti anatakiwa kumwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Wewe unayezichakata kwa niaba yake unatakiwa umwarifu yeye bila kuchelewa, ndani ya saa 48 inapowezekana. Nilipoisoma sheria hiyo nilikumbuka sauti ya yule mweka hazina.

Kumrudishia mteja mmoja data zake

Hapa ndipo tofauti inapoonekana kwa mkono. Mteja anapiga simu Ijumaa jioni: karani amefuta malipo ya muhula mzima. Bekapu ya usiku ipo.

Ukiwa na hifadhidata tofauti, unairejesha ile moja na unalala. Ukiwa na skima, `pg_dump` na `pg_restore`, zana za kutoa na kurudisha bekapu, zote mbili zinakubali `-n` na jina la skima, kwa hiyo unaitoa ile moja, unairudisha, na majirani hawajui kulikuwa na tatizo. Mteja akihama kabisa, unampa faili ya skima yake, kisha `DROP SCHEMA` na `CASCADE` inafagia chumba. Ukiwa na jedwali la pamoja, itabidi urejeshe bekapu nzima pembeni, uchomoe mistari ya mteja huyo jedwali kwa jedwali, uirudishe kwa mpangilio ambao viungo vitaukubali, yaani wanachama kabla ya mikopo, mikopo kabla ya marejesho. Nimeifanya kazi hiyo mara moja. Ilinichukua Jumamosi nzima.

Bekapu ya kurudi nyuma hadi dakika maalumu ni jambo jingine. Inachukua seva nzima, kwa hiyo hata hifadhidata tofauti zikiwa kwenye seva moja hazirudi nyuma kila moja peke yake. Anayeihitaji hiyo kwa mteja mmoja anahitaji seva yake.

Kubadilisha muundo

Jedwali la pamoja linashinda hapa, na sitalizungusha. Ukiongeza safuwima ya namba ya KRA, unaiongeza mara moja, wateja wote wanayo.

Skima hamsini ni mara hamsini. Unaandika msimbo wa kuzipitia moja baada ya nyingine, na katika kila skima unaweka jedwali dogo la kurekodi toleo ililofikia. PostgreSQL inakubali mabadiliko ya muundo ndani ya muamala, kwa hiyo skima ya thelathini na moja ikikwama, inarudi ilivyokuwa badala ya kubaki nusu nusu. Lakini thelathini za mwanzo zimeshabadilika na ishirini bado, na programu yako lazima ivumilie hali hiyo kwa muda. Hifadhidata tofauti zina kazi ile ile, na juu yake kuunganika upya kwa kila moja.

Kishawishi kikubwa cha njia hizi mbili ni kumfanyia mteja mmoja muundo wa peke yake kwa sababu inawezekana. Shule moja inataka safuwima ya basi, unaiweka kwake tu. Baada ya mwaka una skima ishirini zisizofanana na hakuna anayekumbuka kwa nini. Kama mteja mmoja ameomba kitu, wape wote na ukifiche kwenye skrini za wasiokihitaji.

Ripoti za pamoja

Jedwali la pamoja: swali moja. Skima: kuunganisha majedwali kwa `UNION ALL`, kazi inayoandikika kwa mashine na kuhifadhiwa kama mwonekano, yaani swali lenye jina linalosomwa kama jedwali. Pia skima zinaweza kugawana data za kumbukumbu. Orodha ya kaunti 47 naiweka mara moja kwenye skima ya `pamoja`, na majedwali ya kila mteja yanaunganishwa nayo kwa viungo halali. Hifadhidata tofauti hazina viungo vya namna hiyo. Utahitaji `postgres_fdw`, kiunganishi cha kusoma hifadhidata nyingine, au kunakili data kila usiku kwenda hifadhidata ya ripoti.

Wateja wakiongezeka

Jedwali la pamoja linabeba maelfu ya wateja bila kulalamika, mradi faharasa zianze na `mteja_id`.

Skima zina kikomo ambacho hakijaandikwa popote kwa herufi kubwa, na mimi nilikifahamu kwa njia mbaya. Mfumo mmoja niliokabidhiwa ulikuwa na majedwali 52 na skima 230. Piga hesabu: majedwali 11,960. Programu ilikwenda vizuri, watumiaji hawakuona tofauti. Siku moja nikafungua folda ya bekapu kutafuta faili ya juzi, nikakuta faili ina ukubwa wa sifuri. Ya jana sifuri. Nikarudi nyuma siku tisa, zote sifuri. `pg_dump` hufunga kila jedwali kwa kufuli jepesi kabla ya kulisoma, ili lisifutwe katikati ya kazi. Nafasi ya makufuli hukadiriwa kwa `max_locks_per_transaction`, ambayo ni 64 usipoibadilisha, mara idadi ya miunganisho, ambayo ni 100. Hiyo ni 6,400 na ziada kidogo. Tuliivuka siku wateja wapya walipoingizwa kwa mkupuo, na ujumbe wa kosa ulikuwa ukiandikwa kila usiku kwenye faili ambayo hakuna aliyeisoma.

Dawa zilikuwa mbili: kuongeza namba hiyo na kuwasha seva upya, na kuchukua bekapu ya kila skima peke yake. Tulifanya zote, tukaongeza na ujumbe wa simu kila asubuhi wenye ukubwa wa faili ya bekapu. Kwa hiyo usihesabu wateja peke yao. Zidisha wateja kwa majedwali, na ujiulize jibu litakuwa ngapi miaka mitatu ijayo.

Hifadhidata tofauti huishiwa na miunganisho mapema. Muunganisho ukishafunguliwa ni wa hifadhidata moja, hauhami. Ukitenga mitano kwa kila mteja, wateja ishirini wameshamaliza mia moja zote.

Skima kwa kazi, hata kama mteja ni mmoja

Skima haziko kwa ajili ya wateja wengi pekee. Kwenye mfumo wa chama kimoja kikubwa nina skima tatu. `ghafi` inapokea taarifa za M-Pesa kama zilivyopakuliwa, pamoja na nafasi zake za ajabu na tarehe zilizoandikwa kwa mitindo miwili. `hesabu` ina data zilizosafishwa, ndiyo kitabu cha kweli. `ripoti` ina mionekano tu. Mhasibu wa nje anapewa ruhusa ya kusoma `ripoti` na hakuna zaidi. Akija mkaguzi akiuliza malipo fulani yalitoka wapi, ninamwonyesha mstari wa `ghafi` usioguswa tangu siku ulipoingia.

Mpangilio huu unaweza kuishi pamoja na njia yoyote kati ya zile tatu. Kumbuka tu kutoa ruhusa kwa majedwali yajayo kupitia `ALTER DEFAULT PRIVILEGES`, la sivyo mhasibu atakupigia simu kila unapounda mwonekano mpya. Na jina la skima lisianze na `pg_`. Hayo PostgreSQL imejihifadhia.

Kulingana na hali yako

Unauzia vyama vidogo au vibanda vya biashara, wateja mia na kuendelea, kila mmoja akilipa kidogo, na wewe ni mtu mmoja au wawili: jedwali la pamoja, pamoja na kinga ya kiwango cha mstari kuanzia siku ya kwanza. Andika jaribio linaloingia kama mteja wa kwanza na kutafuta data za wa pili. Lirudishe mistari sifuri kila unapotoa toleo jipya.

Una shule, zahanati au sacco kati ya kumi na mia, kila moja ina data nzito kiasi, na zinakuuliza mara kwa mara "data zetu tunaweza kuzipata zote tukihama?": skima zinakufaa. Andika msimbo wa kubadilisha muundo kabla ya kuingiza mteja wa tatu. Hapo utaona kama uko tayari kwa njia hii.

Una wateja wachache wakubwa, mkataba unadai data zikae peke yake, au mteja anataka aziendeshe kwenye seva yake mwenyewe: hifadhidata tofauti, na gharama yake iingie kwenye bei unayomtajia.

Una mchanganyiko, wadogo wengi na sacco moja kubwa ya matatu inayotaka mambo yake pekee: hakuna anayekulazimisha kuchagua njia moja. Wadogo waache kwenye ukumbi, sacco ipe hifadhidata yake, na programu iwe na jedwali moja dogo la kuonyesha kila mteja anakaa wapi. Muundo wa majedwali ubaki ule ule pande zote mbili, `mteja_id` ikiwemo hata kwa yule anayekaa peke yake, ili siku ya kumhamisha upande mwingine iwe kazi ya kunakili data bila kuandika upya programu.

Na kama una mteja mmoja tu na hujui kama wa pili atakuja, unda skima yenye jina lake badala ya kutupa kila kitu kwenye `public`. Ni amri moja, na utakuwa na njia zote tatu mbele yako wa pili akibisha hodi.